Maswali Yenu kwa Daktari: Kingamwili Hushika, Seli Huua

Barua tano za mwezi huu, kutoka kwa watu wasiojuana, zinahusu jambo moja: dawa za saratani ambazo ni kingamwili, yaani protini za kinga zinazoshika shabaha maalumu, na uhusiano wake na seli za kinga za mgonjwa mwenyewe. Nimezijibu kwa kufuatana, na jibu la kwanza ni refu kuliko mengine kwa kuwa hayo mengine yanaliegemea.

Shikamoo Daktari. Mama yangu ana miaka 52 na amegundulika kuwa na saratani ya titi. Baada ya kutolewa kipande kidogo cha nyama ya titi kwa ajili ya kipimo, majibu yaliandikwa HER2 na alama tatu za kujumlisha. Tumeambiwa ataongezewa dawa ya trastuzumab kila baada ya wiki 3 kwa mwaka mzima, na kwamba dawa hiyo ni kingamwili, kwa hiyo sehemu ya kazi itafanywa na seli zake mwenyewe za kinga. Maelezo hayo yamenitia hofu, kwa sababu mama amekwisha kudhoofishwa na dripu za kemotherapi. Tena, kama seli zake zina uwezo wa kuua saratani, kwa nini hazikuiua tangu mwanzo? – Msomaji, Tanga

Marahaba, mwanangu, na pole kwa kuuguza. Nitaanza na swali lako la mwisho.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na sijui usemi unaoieleza saratani vizuri zaidi. Bakteria wa kipindupindu ni mgeni, na kinga ya mwili humtambua kwa ugeni wake. Seli ya saratani ya titi ni seli ya titi la mama yako mwenyewe, iliyoacha kutii amri ya kusimama kugawanyika. Hata HER2 yenyewe ni protini ya kawaida, inayokaa juu ya utando wa seli na kupokea ishara za kukua. Seli ya titi yenye afya huwa nazo kiasi cha 20,000 hivi, ilhali seli ya saratani yenye majibu kama ya mama yako inaweza kuwa nazo hadi milioni 2. Tangu utotoni mwili huziondoa au kuzinyamazisha seli za kinga zinazoelekea kushambulia protini za mwili huo huo, maana bila hivyo tungejiangamiza. Mama yako, basi, anazo seli zenye uwezo wa kuua, ila hakuna kilichoziambia kwamba huyu ndiye wa kuuawa, na hicho ndicho kinacholetwa na dawa aliyoandikiwa.

Kingamwili ina umbo la panda ya manati. Ncha mbili za juu ndizo zinazoshika shabaha, na kwa trastuzumab ncha hizo zimeundwa ziishike HER2 peke yake. Mpini wa chini haushiki saratani. Hubaki umechomoza nje ya seli, pamoja na maelfu ya mipini mingine kama huo. Katika damu zinazunguka seli ziitwazo NK, yaani wauaji wa kuzaliwa, zilizoelezwa na watafiti wa Sweden na Marekani mwaka 1975 na kupewa jina hilo kwa kuwa hazihitaji kufundishwa kwanza ndipo ziue. Juu ya seli ya NK kuna kipokezi kiitwacho CD16, na kazi yake ni kushika mpini ule. Mpini mmoja ukishikwa hakuna kinachotokea, na ni heri iwe hivyo, kwa sababu kingamwili zinazoelea zimejaa katika damu ya kila mtu. Lakini seli ya NK ikikuta mipini mingi imesongamana juu ya seli moja, hujibana nayo na kuimwagia protini za aina mbili: perforini, ambazo hutoboa utando wake, na granzaimu, ambazo hupenya na kuilazimisha ijivunje kutoka ndani. Makrofaji, zile seli lafi zinazokaa ndani ya tishu, huishika mipini hiyo hiyo kwa vipokezi vyake na kuimeza seli ya saratani, nzima au kwa kuimega.

Ni kweli kwamba trastuzumab ina kazi nyingine pia, ambayo ni kuzuia ishara za kukua zinazopita kwenye HER2, na kwa miaka kadhaa wengi walidhani hiyo ndiyo kazi yake yote. Mwaka 2000 Raphael Clynes na Jeffrey Ravetch, pamoja na wenzao jijini New York, walitoa jaribio ambalo mimi naliona kuwa la werevu mkubwa. Walichukua panya wenye uvimbe wa saratani ya titi ya binadamu na kuwapa trastuzumab, wakawapa pia panya wengine wenye uvimbe ule ule, isipokuwa kwamba hawa wa pili walizaliwa bila vipokezi vya kushika mpini vinavyoamsha seli za kinga. Dawa ilikuwa ile ile na ilifika kwenye HER2 ile ile, lakini katika panya wa kundi la pili ilipoteza sehemu kubwa ya nguvu zake, kwa sababu hapakuwa na mkono wa kushika mpini. Panya si binadamu, bila shaka. Hata hivyo mwaka 2002 watafiti wa Ufaransa walionyesha kwamba wagonjwa wa limfoma, saratani ya seli nyeupe za damu, waliorithi aina ya CD16 yenye mshiko imara waliitikia vizuri zaidi dawa ya rituximab, ambayo nayo ni kingamwili, kuliko waliorithi aina yenye mshiko hafifu. Kwa trastuzumab, tafiti za namna hiyo zimetoa majibu yasiyolingana, kwa hiyo usiombe mama apimwe CD16. Hakuna daktari atakayebadili matibabu yake kwa kipimo hicho.

Sasa tuje kwenye udhaifu wa mama. Kemotherapi hushusha zaidi zile seli nyeupe zinazopambana na bakteria, na ndiyo maana mnahimizwa kukimbilia hospitali akipata homa. Seli za NK nazo hupungua kiasi, lakini hazimaliziki, na trastuzumab haikupimwa kwa watu wenye afya tele: ilipimwa kwa wanawake waliokuwa wakipata kemotherapi au waliokuwa wameimaliza karibuni. Tafiti kubwa zilizochapishwa mwaka 2005 zilionyesha kwamba kuiongeza dawa hii kulipunguza kurudi kwa ugonjwa kwa takriban nusu. Uchovu wa mama unaouona kwa macho si kipimo cha uwezo wa seli zake, na usiwe sababu ya kuahirisha dozi.

Kinachohitaji macho yenu ni moyo. Misuli ya moyo nayo hutumia HER2, na dawa hii huweza kupunguza nguvu ya moyo kusukuma damu. Kwa hiyo mama apimwe moyo kwa eko, kipimo cha mawimbi ya sauti, kabla ya kuanza, na arudie kipimo hicho kila miezi 3 hivi wakati wa matibabu. Akivimba miguu au akishindwa kupumua anapolala chali, msisubiri tarehe ya kliniki. Katika dripu ya kwanza anaweza kupata homa na kutetemeka, jambo ambalo wauguzi wamelizoea na hulidhibiti kwa kupunguza mwendo wa dripu na kumpa dawa.

Kwa kuwa utaona majina mengi ya ajabu kwenye makaratasi ya hospitali, chukua na hili. Silabi ya mwisho «mab» hukuambia kwamba dawa ni kingamwili ya aina moja tupu, iliyozalishwa kwa mbinu iliyotokana na kazi ya Georges Köhler na César Milstein huko Cambridge mwaka 1975. Kabla yake, «xi» huonyesha kwamba ncha zimetoka kwa panya na mpini kwa binadamu, na «zu» kwamba karibu yote imefanywa ya kibinadamu. Utaratibu huo wa majina umebadilishwa miaka ya karibuni, lakini dawa za zamani zimebaki na majina yake.

Mhariri, mimi ni mwalimu wa Baiolojia wa shule ya sekondari huko Uasin Gishu. Huwafundisha wanafunzi kwamba kingamwili hushughulikia vijidudu vilivyo nje ya seli, na kwamba seli T ndizo hushughulikia seli zilizoharibika, saratani ikiwamo. Je, niendelee kufundisha hivyo?

Endelea, Mwalimu, lakini uongeze mlango kati ya vyumba hivyo viwili. Mgawanyo unaoufundisha una historia ya ugomvi. Mwishoni mwa karne ya 19 kambi moja, iliyokuwa na Paul Ehrlich, iliamini kwamba kinga imo katika majimaji ya damu. Kambi ya Ilya Metchnikoff, aliyemchoma kiluwiluwi cha kiti cha pweza kwa mwiba na kuona seli zikikusanyika kuuzunguka, ilishikilia kwamba kinga ni seli zinazokula. Mwaka 1908 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel kwa pamoja, jambo ambalo lingepaswa kumaliza ubishi, lakini vitabu vya shule vinaendelea kuwatenganisha.

Tofauti ya kweli ni ya uoni. Kingamwili ni protini kubwa isiyoingia ndani ya seli iliyo hai, kwa hiyo huona kilichoko juu ya utando tu. Wapo wagonjwa ambao miili yao hutengeneza kingamwili dhidi ya protini ya p53 iliyoharibika, lakini p53 hufanya kazi ndani ya seli, na kingamwili hizo huizunguka nyumba bila kupata mlango. Seli T huona vya ndani, kwa sababu kila seli hukata protini zake vipande vidogo na kuvianika nje kwenye molekuli za MHC, mithili ya mchuuzi anayeanika sampuli ya bidhaa zilizomo stoo. Saratani nyingi hujificha kwa kuacha kuanika. Hapo seli T hupofuka. Lakini mwaka 1986 Klaus Kärre na wenzake wa Sweden walionyesha kwamba seli za NK hushambulia hasa seli isiyo na MHC, yaani kutokuwapo kwa sampuli mezani ndiko kunakozitia shaka.

Mlango niliokuomba uuongeze ndio huu: seli ya saratani iliyopakwa kingamwili ikishauawa, mabaki yake humezwa na seli za dendriti, ambazo hushika mipini ile ile niliyomweleza msomaji wa Tanga, huvikata vipande vilivyomo na kuvianika mbele ya seli T. Seli T ambazo hazikuwa zimeamshwa huamka kwa njia hiyo, zikaanza kutafuta protini ambazo kingamwili ya mwanzo haikuwa na habari nazo. Na katika baadhi ya uvimbe, seli B, ambazo ukoo wake ndio hutengeneza kingamwili, na seli T huonekana zimejipanga pamoja katika vituo vinavyofanana na tezi ndogo. Tafiti kadhaa zilizochapishwa mwanzoni mwa mwaka 2020 zilihusisha vituo hivyo na wagonjwa kuitikia vizuri tiba za kinga. Mtihani wa taifa hautauliza hayo, najua.

Daktari, mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto jijini Mwanza. Mtoto mwenye limfoma ya Burkitt alihamishiwa hospitali kubwa, na huko ameanzishiwa rituximab pamoja na kemotherapi. Nimesoma kwamba rituximab hushika CD20, na CD20 iko juu ya seli B zote, nzima na za saratani. Je, hatumwachi mtoto bila kinga?

Swali zuri, tena linahusu ugonjwa ulioandikwa kwanza kutoka ukanda wetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliuelezea uvimbe wa taya za watoto mwaka 1958, na ndani ya seli za uvimbe huo Anthony Epstein, Yvonne Barr na Bert Achong walivikuta mwaka 1964 virusi vinavyoitwa Epstein-Barr. Unaujua mwendo wake: uvimbe unaoweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili.

Ni kweli, rituximab haichagui. Inachokamata ni CD20, na kila seli B inayoibeba hupakwa mipini na kuandamwa na seli za NK, makrofaji, na pia protini za damu ziitwazo komplementi, ambazo hutoboa utando bila kuhitaji seli yoyote. Jambo linalomwokoa mtoto ni kwamba CD20 haipo kwenye ncha mbili za ukoo wa seli B. Seli mama za uboho hazinayo, kwa hiyo seli B mpya huanza kurudi, kwa kawaida kati ya miezi 6 na 12 baada ya dozi ya mwisho. Seli za plazma hazinayo pia, na hizo ndizo viwanda vinavyoendelea kutoa kingamwili za chanjo na magonjwa ya zamani. Katika kipindi hicho chanjo mpya haitashika vizuri, na chanjo zenye virusi hai zisitolewe hadi wataalamu wake waruhusu.

Faida yake si ndogo. Katika utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2020, uliohusu watoto wenye limfoma kali za seli B, nyingi zikiwa Burkitt, waliopewa rituximab pamoja na kemotherapi walifika miaka 3 bila ugonjwa kurudi wala tukio jingine kubwa kwa asilimia 93.9, dhidi ya asilimia 82.3 ya waliopewa kemotherapi peke yake. Sehemu kubwa ya watoto hao walitibiwa katika nchi zenye wodi, damu na maabara bora kuliko tulizo nazo, kwa hiyo sitaahidi tarakimu hizo kwa kila hospitali ya kwetu. Kumbuka pia kwamba kingamwili hupenya kwa shida sana kwenda kwenye ubongo, na ndiyo sababu mtoto ataendelea kuchomwa dawa za uti wa mgongo hata akiwa anapata rituximab.

Kwako wewe muuguzi nina ombi moja: hakikisha mtoto amepimwa homa ya ini ya B, kwa vipimo vyote viwili, kile cha virusi na kile cha kingamwili ya kiini chake, kabla ya dripu ya kwanza. Virusi vilivyokuwa vimelala vinaweza kuamka seli B zikiondolewa, na huua watu ambao saratani yao ilikuwa imeitikia tiba.

Je, unga wa mlonge na juisi ya viazisukari vyekundu huongeza seli za NK za kuua saratani? – Msomaji, Dodoma

Vile ni vyakula, na mgonjwa anayekula ana heri kuliko asiyekula. Lakini kinga si maji ya tangi, kwamba ukiyajaza hadi juu saratani inazama. Nimeeleza juu kwamba mara nyingi seli zipo na kinachokosekana ni mshiko, na mlonge hauna ncha ya kushika HER2 wala CD20. Mwambie daktari kila unachotumia, hasa kilichokaushwa na kufungashwa, kwa sababu ini linalosafisha dawa za kemotherapi ndilo hilo hilo litakalosafisha na hizo.

Assalaam alaykum, Daktari. Mjomba wangu anatibiwa saratani ya mapafu mjini Muscat kwa dawa ya pembrolizumab. Amesoma kwamba nayo ni kingamwili, ila haigusi uvimbe kabisa. Inawezekanaje? Na kwa nini hakupewa kingamwili ya kuupaka uvimbe kama wanavyopewa wagonjwa wengine? – Msomaji, Unguja

Wa alaykumu salaam. Mjomba amesoma sawasawa. Kingamwili yake inaishika PD-1, kipokezi kilicho juu ya seli T, kilichogunduliwa katika maabara ya Tasuku Honjo huko Kyoto mwaka 1992. PD-1 ni breki. Mwili huitumia kuzituliza seli T zisipitilize, na saratani nyingi hujifunika protini ya PD-L1, ambayo huikanyaga breki hiyo kila seli T inapokaribia. Pembrolizumab huifunika PD-1 ili isikanyagike. Honjo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2018 na James Allison wa Marekani, aliyeonyesha jambo hilo hilo kwa breki nyingine iitwayo CTLA-4.

Ama kwa nini hakupewa kingamwili ya kupaka uvimbe, ni kwamba dawa ya namna hiyo hudai shabaha iliyojaa juu ya seli za saratani na iliyo haba kwingineko, na si kila uvimbe huwa nayo. Dawa ya mjomba inategemea kwamba seli T zake zilikwisha kuutambua uvimbe zikazuiwa njiani.

Hapa mpini wa manati unarudi kwa sura nyingine. Kwa trastuzumab tunautaka mpini uvutie wauaji. Watengenezaji wengine wamefika mbali hadi kupunguza aina moja ya sukari kwenye mpini wa obinutuzumab, dawa iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2013, ili CD16 iushike kwa nguvu zaidi. Lakini fikiria kingamwili iliyokaa juu ya seli T ingekuwa na mpini kama huo: seli za NK zingekuja kuziua seli T zile zile tunazozitegemea. Kwa hiyo pembrolizumab imeundwa kwa aina ya kingamwili ambayo mpini wake hauwaamshi wauaji ila kidogo mno. Ncha zinashika, mpini unanyamaza.

Gharama ya kuachia breki ni kwamba seli T haziendi kwenye uvimbe peke yake. Zinaweza kuvamia tezi ya shingo, utumbo, ini, ngozi au mapafu, wakati mwingine wiki chache baada ya kuanza na wakati mwingine miezi mingi baada ya dozi ya mwisho. Mjomba akirudi Unguja kupumzika, aje na karatasi yenye jina la dawa na tarehe za dozi. Akiharisha mara nyingi kwa siku, akapata kikohozi kipya na pumzi kukata, au macho yakawa ya manjano, aionyeshe karatasi hiyo kwa daktari atakayempokea kabla ya kuandikiwa dawa za amiba au za kifua, kwa sababu tiba yake inaweza kuwa steroidi, yaani dawa za kutuliza kinga, na kuchelewa kwa siku chache huleta tofauti kubwa.